Swali la a na b

Mpanda, 7 Septemba 2024

Dada Natalia,

Nyie huko Kapalamsenga hamjambo? Mimi mzima. Kuna swali limenishinda. y = (ax + b)/(x² + 3), kilele chake kipo kwenye (1, 2), tafuta a na b. Nimeweka nukta nikapata a + b = 8. Hapo nimekwama. Tarehe 20 tuna jaribio la maswali ya aina hii. Atakayefeli anatolewa hesabu, anapelekwa kombi ya historia. Simu bwenini marufuku, hivyo jibu umpe konda wa basi.

Mdogo wako, Edgar

Kapalamsenga, 13 Septemba

Edgar kipenzi,

Siumwi popote, labda furaha tu. Ndoa ni tamu, mdogo wangu. Jana Rafaeli kanikaangia samaki wa migebuka kwa mikono yake, mama yake akasema, "Mwanangu karogwa huyu." Nikilala nacheka, nikiamka nacheka. Swali lako jepesi. Nitakufanyia tukitoka Karema, tunakwenda kusalimia shangazi zake.

Dada yako mwenye bahati, Natalia

Kapalamsenga, 26 Septemba

Edgar wangu,

Hujambo? Karema walikataa kutuachia. Kila nyumba kuku, kila nyumba vigelegele. Rafaeli alinishika mkono mbele ya watu wote.

Haya, swali. Kwenye kilele mteremko ni sifuri, na huo ndio mlinganyo wako wa pili. Ukidifrenshieti y, juu unapata a(x² + 3) − 2x(ax + b), chini (x² + 3)². Juu peke yake ndiko kunakopaswa kuwa sifuri. Weka x = 1: 4a − 2(a + b) = 0. Ile a + b ni 8, kwa hiyo 4a = 16. Umeona?

Dada yako, Natalia

Mpanda, 3 Oktoba

Dada,

Habari za huko? Mimi sijambo. Barua nimeipata leo. Swali nimelimalizia kwenye kipindi cha historia: a nne, b nne. Nimeziweka kwenye y, x ikiwa moja, imetoka mbili. Mwalimu akauliza, "Edgar, unaandika nini?" Nikasema hakuna kitu.

Sijalia, wala sijakasirika. Nakula, nalala, naandika majina ya wafalme. Karatasi nimempa Leonidas, jirani yangu wa kitanda, aliyebaki hesabu. Kasema, "Dada yako anafundisha vizuri kuliko mwalimu."

Msalimie shemeji. Nimefurahi anakupenda.

Mdogo wako, Edgar