Gari Dogo la Kimarekani na Mwiko wa Bi Zuwena

Ansab, Maskati
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nianze na yako kabla ya yangu: kikohozi kimepungua? Magoti je? Yale mafuta ya kuchua niliyotuma, mdogo wangu Rukia anakuchua wewe au anajichua mwenyewe? Mimi ni mzima wa viungo vyote isipokuwa kiganja cha kulia, ambacho kiliungua kidogo wiki mbili zilizopita, na kisa cha kuungua kwake ndicho kilichonikalisha hapa kuandika. Usiogope. Ni habari njema, Baba, njema mpaka sijui nianzie wapi.

Rukia aliniambia kwenye simu kwamba masikio yako sasa yameziba kabisa, kwamba hata akikuita kutoka mlangoni hugeuki. Nililia siku ile, sikufichi. Miaka yote ile ya nyundo na injini zisizo na ekzosi pale gereji ya Ngamiani imekudai. Kwa hiyo simu haitusaidii tena, nami nakuandikia. Vaa miwani, usome polepole, maana humu mna injini.

Bi Zuwena, huyu mama ninayemfanyia kazi, unamjua kwa habari zangu. Amezaliwa Unguja, akaletwa huku msichana, na mpaka leo Kiswahili chake kinanukia karafuu. Ana dada yake mmoja tu aliyebaki, Bi Rayya, anayekaa Qurayyat, na Bi Rayya miguu haimchukui tena. Mwana wa Bi Zuwena, Bwana Khalfan, ni mtu mwema lakini ni mtu wa ofisi, na kila Ijumaa ya kumpeleka mama yake ikifika hutokea jambo. Ikapita Ijumaa, ikapita mwezi, ikapita Idi. Siku moja Bi Zuwena akaweka kikombe chini akasema:

"Khalfan, mie nataka gari yangu. Nshachoka kungojea Ijumaa ya mtu. Leseni Mwanaidi anayo, nimemsomesha mwenyewe. Atanipeleka yeye."

Leseni hiyo, Baba, niliipata kwa jasho. Kwenye mtihani wa hapa unarudisha gari nyuma katikati ya mapipa, na mara ya kwanza nililigonga moja likabingirika mpaka miguuni kwa askari. Mara ya pili nikapita. Lakini leseni bila gari ni karatasi tu, na Bwana Khalfan alikuwa na shaka. Akatoa sharti lake: "Nnakupeni Jumamosi moja. Mwanaidi si binti wa fundi? Basi achague. Akipata gari nzuri, yeye ndiye dereva. Akikosa, au akituchagulia mbovu, khalas, Mama, tutangoja nafasi yangu."

Kwa hiyo unaona kilichokuwa mezani. Nikipatia, ningekuwa dereva wa Bi Zuwena, na wale kina dada wawili wangeonana. Nikikosea, ningerudi kwenye masufuria, na Bi Rayya angeendelea kutazama mlango.

Sasa shikilia kiti. Gari tulilokuwa tukilitafuta ni la Kimarekani. Nakuona unavyotikisa kichwa! Najua uliyokuwa ukisema, kwamba magari ya Kimarekani hula mafuta kama wageni wa arusi. Lakini huku ya Kijapani yaliyotumika yanagombewa na bei yake haishikiki, na hili nililolisema ni dogo, silinda nne, linakunywa kwa adabu. Watu wanayaogopa kwa sababu ya vipuri, ndiyo maana bei yake inashuka, na anayejua kuchagua anapata gari zuri kwa bei ya gari chovu. Tena kiyoyozi chake kinagandisha, na Bi Zuwena alikuwa na sharti hilo moja tu.

La kwanza tulilikuta kwenye yadi moja ya magari. La rangi ya fedha, linametameta, tairi zimepakwa weusi. Dalali akafungua mlango, na harufu ya udi ikatoka kutupokea. Bi Zuwena akafurahi: "Yakhe, inanukia kama nyumba ya arusi!"

Mimi nikakukumbuka wewe. Pua kwanza, jicho baadaye, sikio mwisho, na mdomo usiufungue kabisa. Nikajiuliza, gari lifukizwe udi kwa nini? Nikaingiza kichwa nyuma ya viti, chini kabisa, na pale udi ulikuwa haujafika. Palinuka kabati la nguo lililonyeshewa. Nikafungua buti, nikainua zulia, nikatoa tairi la akiba. Chini yake kulikuwa na tope jembamba lililokauka, na boliti za viti zilikuwa na kutu. Maskati mvua ya namna hiyo ni nadra, Baba. Gari lilikuwa limelala majini huko Amerika, likaanikwa, likapakiwa melini.

Bwana Khalfan alikuwa ameketi mbele, anashangilia saa ya mwendo: "Limetembea elfu sitini tu!" Dalali akasema ndiyo, kilomita elfu sitini. Nikachungulia. Saa ilikuwa ya maili. Elfu sitini za maili ni karibu laki moja ya kilomita, na dalali alikuwa anajua, maana alianza kujishughulisha na kifuniko cha kalamu yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukaaga.

Njiani nilisifiwa mpaka nikavimba. Bi Zuwena alikuwa akiniita injinia. Bwana Khalfan mwenyewe akasema, "Wallahi, sikuona hata kimoja." Na hapo ndipo kichwa kilipopanda, Baba, nami najua usingenisamehe, kwa hiyo nakiri mapema.

La pili lilikuwa hapa hapa Ansab, kwa mwalimu mstaafu anayeitwa Mzee Saleh, naye asili yake Unguja. Gari jeupe, dogo, lina mchubuko mlangoni, limekaa mbele ya geti lake la chuma na vumbi lake juu, hakuna aliyejisumbua kulipamba. Ilikuwa saa sita mchana. Nikaliendea kwa maringo, na kanuni yako nyingine mkononi: gusa boneti kabla hawajawasha, maana injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika ina siri. Nikabandika kiganja.

Lo! Nilikitoa na ngozi inaniwaka. Na badala ya kufunga mdomo, nikaufungua mbele ya watu wote: "Gari hili limewashwa sasa hivi! Limepashwa moto tusisikie linavyolia likiwa baridi. Kuna kitu kinafichwa hapa."

Mzee Saleh akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejibu kabla ya swali kwisha. Akasema taratibu, "Njoo, mwanangu. Hebu shika na geti hili."

Nikalishika kwa ncha za vidole, nikaruka.

"Geti nalo nimeliwasha?"

Bi Zuwena alicheka hata akatafuta ukuta wa kuegemea, na ukuta nao ukamuunguza. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Hukuniambia, Baba, kwamba kanuni ile ni ya Tanga! Magari yako yalilala chini ya bati la gereji. Hapa jua linapasha moto kila kitu kilicho nje, mwenye siri na asiye na siri. Binti wa fundi nimekaa Maskati miaka mitatu, naungua kila siku nikianua nguo kwenye kamba, na bado sikufikiri.

Lakini Bwana Khalfan hakucheka. Alikuwa mwekundu. "Huyu ni mwalimu wangu, Mwanaidi. Kanifundisha hesabu. Umemwita mwongo mlangoni kwake. Khalas, twendeni nyumbani." Mdomo uliponza kichwa, ndiyo hiyo. Niliona Qurayyat inakwenda zake.

Aliyeniokoa ni mzee niliyemtukana. "La, Khalfan," akasema. "Kauliza suala zuri kwa wakati mbaya. Njooni kesho baada ya sala ya alfajiri, jua halijatoka. Na ufunguo uchukueni nyinyi leo, asije akasema nimeiwasha kabla hamjafika." Akaniwekea ufunguo mkononi, mkono uleule ulioungua. Nikamwomba radhi.

Bwana Khalfan akasema neno moja tu garini: "Kesho. Halafu basi."

Alfajiri nikaamka na tatizo. Wewe ulikuwa ukisikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni. Humu ndani bisibisi ni ile ya kufungia miwani. Nikazunguka jikoni, macho yakaangukia mwiko mrefu wa mbao. Nikautia kwapani. Bi Zuwena akaniona mlangoni: "Wenda kununua gari au wenda kusonga ugali?"

"Vyote, Bibi, Mungu akipenda."

Boneti safari hii lilikuwa baridi kama mtungi. Nikatia ufunguo, nikasoma Bismillahi, nikaliwasha. Likawaka mara moja. Halafu, Baba, likaanza kulia: krrr, krrr, krrr. Bwana Khalfan akashika kiuno. "Umesikia? Injini hiyo imekwisha. Na usiseme ni jua."

Sikujibu. Nilikuwa nimejifunza. Nikakaza mtandio, nikakunja mikono, nikakaa mbali na mkanda unaozunguka kama ulivyonionya, nikaweka kichwa cha mwiko juu ya injini na mpini sikioni. Mbao inasikia vizuri kuliko nilivyodhani. Juu, kwenye vali: mapigo sawasawa, membamba, safi. Ubavuni: safi. Chini, karibu na sampu ya oili: hakuna kinachogonga. Kisha nikagusa boliti ya puli moja inayopitisha mkanda, na mlio ule ukaniingia kichwani wote, kokoto ndani ya kibati.

Niliujua! Ulikuwa mlio uleule wa teksi ya jirani yetu, siku uliponikalisha juu ya tairi na kunipa bisibisi, hata umri wa kufunga sijafikia. Uliniuliza, "Anayelia ni nani, mama mwenye nyumba au mgeni?" Nikasema mgeni. Ukaninunulia andazi.

Nikamwomba Mzee Saleh spana. Tukalegeza mkanda, tukautoa, nikawasha tena kwa muda wa kuhesabu mpaka tano. Kimya. Injini inaunguruma peke yake, laini, na kokoto zimekwisha. Nikazima, nikasema polepole, "Injini ni nzima, Bwana Khalfan. Anayelia ni mgeni. Ni beringi ya puli, kitu cha asubuhi moja."

Mzee Saleh akasema, "Sikuisikia kabisa. Masikio ya uzee." Nikageuka upande, nisionekane macho.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda vizuri. Chini ya tairi la akiba kulikuwa na vumbi kavu tu. Mafuta ya gia hayakunuka kuungua, na gia iliingia bila kushtuka, mbele na nyuma. Saa ni ya kilomita, maana gari hili liliuzwa jipya hapa hapa, limeumbiwa joto la huku, na rejeta yake ni nene. Mzee Saleh ameweka karatasi zote za matengenezo kwenye jalada, na kila moja ameitia alama ya vema kwa wino mwekundu, kama daftari la mwanafunzi. Bei yenyewe ilikuwa ya watu wa kawaida, na akaipunguza kwa ajili ya beringi bila kuombwa. Fundi wa sanaiya, huko kwenye magereji, aliibadilisha kabla ya adhuhuri. Bwana Khalfan alimuuliza faragha kama nilisema kweli. Fundi akamjibu, "Nani alisikiliza? Mpe kazi."

Jumatano iliyopita tulikwenda Qurayyat. Mimi usukanini, Bi Zuwena pembeni na kapu la mikate ya kumimina, kiyoyozi kinamgandisha hata akajifunika shali na kukataa kipunguzwe. Njia inapanda milima, inashuka, inapanda tena, na mimi jicho moja njiani na jingine kwenye mshale wa joto. Haukusogea, Baba! Ulisimama katikati safari nzima.

Bi Rayya alikuwa amewekewa kiti mlangoni. Alipotuona aliinua mikono yote miwili, na Bi Zuwena hakungoja nizime gari. Walikumbatiana wakalia, kisha wakaanza kugombana papo hapo ni nani kazeeka zaidi. Niliketi jikoni nikasikiliza vicheko vyao, nikawa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nipande ndege kuja huku.

Wakati wa kurudi Bi Zuwena aliniuliza, "Nani alokufunza kusikiliza gari?"

"Baba yangu."

"Basi mpigie simu leo hii umwambie."

"Hasikii tena, Bibi."

Akasema, "Basi mwandikie. Mwandikie na huo mlio."

Nisalimie Mama, mwambie nimepokea kanga na nimeivaa siku ya safari. Msalimie shangazi wa Pongwe, na mjomba anayeuza vipuri, mwambie gari la Kimarekani lina rejeta nene kuliko maneno yake. Wasalimie vijana wako wote wa gereji, waliobaki na waliofungua zao. Na Rukia mpe salamu zangu, kisha mwite akae karibu yako, nina kazi naye.

Baba, laza kiganja chako mezani, uhisi. Rukia, gonga meza kando ya kiganja chake kwa vidole viwili, mbiombio, kwa wepesi, sawasawa, pengo lisiwepo hata moja. Usikate. Endelea mpaka atabasamu.

Hivyo ndivyo gari letu linavyolia asubuhi, Baba, likiwa baridi. Niambie kama nimesikia sawa.

Ni mimi binti yako, dereva,
Mwanaidi