Viatu vya Mgeni, Nguo za Miavuli

Jumanne, 23 Desemba

Sasa hivi Eliane ametoa viatu vya baba yake chini ya kitanda, kimoja kimoja, akavipanga mlangoni, pua zikitazama barabara. Halafu akaja kwangu akijipangusa mikono kwenye gauni. "Mama, nimemaliza. Mugeni anaweza kwenda."

Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemfundisha. Mgeni akitaka kuaga, mtoto mwenye adabu anamtolea viatu na kuvipanga vizuri, mtu asihangaike kutafuta. Nilikuwa najisifu kwa majirani — miaka minne tu, muone! Sasa adabu yote imemwangukia Laurent, mume wangu, aliyefika jana.

Laurent aliviona. Alivirudisha mwenyewe chini ya kitanda.

Tangu Februari yuko mjini Mbarara, mtaa wa Kakoba, kwenye karakana ya kuchomelea milango ya chuma. Mtoto anamjua kwa simu tu, na kwenye simu baba ni mtu mdogo anayekaa mfukoni mwa mama. Huyu aliyekuja ni mrefu, ana ndevu, anakoroma.

Jana aliniambia amepata chumba kikubwa kidogo. Januari anaweza kutuhamisha. "Lakini Bene, mutoto mwenye kunikimbia siwezi kumufungia naye chumba kimoja. Ataona nimemwiba." Anarudi kazini Jumapili. Kwa hiyo nina siku tano za kumpatia mtu binti yake. Kazi ndogo. Nilifika darasa la sita, nitashindwa?

Jumatano, 24 Desemba

Nimepata mpango. Mbarara kuna uwanja wa michezo ya watoto — treni ndogo, bembea, nyumba ya kupulizwa upepo ambayo watoto wanarukaruka ndani, na kile kitu chenye farasi kinachozunguka, jina sijui. Ijumaa tunaenda wote. Mtoto akifurahi atashika mkono wowote ulio karibu. Nitahakikisha ulio karibu ni wa Laurent.

Na tusipotezane: nimeshonesha kitenge kimoja kwa watu wanne. Cha njano, kina miavuli ya kijani. Gauni langu, la Eliane, la mama mkwe, na shati la Laurent. Mariette fundi aliniapia kwamba kitambaa hiki hakuna mwingine anacho kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale. "Mama, hii iko ya peke yako." Nilimwamini. Niliona hata watu wa Mbarara watageuka kututazama.

Alhamisi, 25 Desemba

Kanisani, kisha wali na nyama. Laurent alimpa mtoto biskuti. Mtoto aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. "Aksanti, mugeni." Adabu tena.

Laurent amekataa shati. "Miye si kwaya." Nikamwambia familia ni familia, rangi moja. Akasema atalivaa mpaka getini tu, ndani ana fulana yake ya bluu ya kazini. Tumenuniana. Siku tano zimebaki tatu, na mimi nimezitumia kugombania miavuli.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimechoka, lakini ya jana niyaandike kabla sijayasahau au kabla mama mkwe hajayasimulia kijiji kizima kwa namna yake.

Safari mpaka Mbarara siiandiki. Eliane alitapika njiani, pale Kaberebere, kwenye miavuli yangu. Inatosha.

Tulipita kwanza chumbani kwa Laurent nijisafishe. Chumba kisafi, dirisha moja. Nyuma ya mlango kuna godoro dogo, limesimamishwa ukutani, bado liko kwenye nailoni yake. Dogo la kitoto. Nililitazama. Laurent akageuka kumimina maji, akachukua muda mrefu sana kumimina maji.

Nilijiambia: Bénédicte, leo usiharibu.

Uwanjani watu walikuwa kama siafu. Nadhani Mbarara yote ilikuwa na mpango kama wangu. Getini Laurent akavua shati, akalikunja, akalitia kwenye mkoba wa mama yake, akabaki na fulana ya bluu yenye matundu ya cheche. Nilimtazama vibaya. Mama mkwe akasema, "Mwache. Mwanaume hata Mungu alimuvalisha ngozi kwa nguvu."

Tukapanga mstari wa treni. Nikamshikisha Eliane mkono wa baba yake. Akauchomoa. Nikamshikisha tena. Akajificha nyuma ya gauni langu. Nikawaza, sawa, ngoja nisogee kidogo ili abaki naye kwa lazima. Nikasogea. Hatua kama tano hivi. Huo ndio uliokuwa ujanja wangu.

Basi hapo hapo ndipo walipoingia watu wa kwaya kutoka Juru, upande mwingine wa kambi. Watu kama arobaini, na watoto wao. Wote njano. Wote miavuli ya kijani.

Mariette! Mungu akusamehe, mimi bado.

Nilipogeuka, Laurent alikuwa amenifuata kuniuliza naenda wapi, na Eliane hakuwepo. Palikuwa na miavuli tu. Laurent akakimbilia upande wa bembea, mimi upande wa farasi. Nikaona gauni la miavuli, kimo chake, nywele zake za kusuka. Nikalikamata mkono, nikavuta. Likalia. Nikageuza uso — mtoto wa mtu. Mama yake akasimama mbele yangu, amevaa gauni langu, yaani lake. "Mama, unamupeleka wapi mutoto wangu?" Nikamwambia samahani, natafuta wangu, amevaa hivi. Akaniangalia juu mpaka chini, akaangalia nguo yake, akanihurumia. Alinishika bega. "Hata mi naogopa. Kitambo kidogo nimemununulia soda mutoto si wangu."

Nikaenda kwa askari wa mlango. Mnyankore mmoja mpole, anaitwa Rwakabuba, jina liko kifuani.

"Nyabo, mama, tulia. Mtoto navaa nguo gani?"

"Ya njano. Ina miavuli."

Akatazama uwanja. Akanitazama mimi. "Nyabo, hiyo mimi naona kama mia."

Hata hivyo wakatangaza kwenye kipaza sauti. Wakaniletea watoto watatu. Wa kwanza alikuwa mvulana. Mimi nikakaa chini kwenye vumbi, mama mzima, nikalia mpaka kamasi. Rwakabuba akashika tena kipaza sauti mwenyewe, akatangaza kwa Kiswahili chake: kuna mama ya Nakivale imepotea, iko hapa kwa mlango, nalia sana, watu yake ikuje kuchukua.

Uwanja mzima ulicheka. Na mimi nilikuwa yule anayechekwa, sikujali.

Halafu nikaona fulana ya bluu inakuja juu ya ile njano yote. Na juu ya fulana, mabegani, Eliane, amemshika baba yake masikio mawili kama usukani.

Laurent alinisimulia. Mtoto alikuwa amezunguka katikati ya kwaya, anashika gauni hili anaangalia juu, si mama. Anashika lile, si mama. Kila mtu mama, hakuna mama. Akaanza kulia. Kisha akaona mtu mmoja tu asiye na miavuli. Akapiga kelele: "Mugeniii!" Laurent anasema hajawahi kuitwa jina zuri vile.

Kwa hiyo nguo niliyoshonesha tusipotezane ndiyo iliyompoteza, na mume niliyemnunia kwa sababu ya shati ndiye aliyempata. Mama mkwe alifika na karanga alizokwenda kununua, akasikiliza yote, akasema: "Na weye unavalisha batu kama kwaya, kisha unashangaa kwaya imekuja."

Eliane alikataa kushuka mabegani. Alishuka kwa ajili ya treni tu, na akasema mugeni apande. Laurent alikunjika kwenye kile kibehewa, magoti yamefika masikioni. Walizunguka mara tatu. Kila wakinipita mtoto alinipungia mkono kama mtu anayesafiri mbali. Mimi nilibaki nje ya kamba na miavuli yangu, nikiwapungia.

Kurudi alilala kifuani kwake. Lakini leo asubuhi bado amemwita mugeni. Habari ya Januari hajaisema. Na mimi siulizi, kila nikisogea hatua tano mambo yanaharibika.

Jumapili, 28 Desemba

Gari linaondoka saa nne. Sasa ni saa tatu na kitu. Mkoba wa Laurent uko tayari, shati la miavuli amelitia mwenyewe, nilimwona, nilijifanya sioni.

Viatu hakuna.

Ametafuta chini ya kitanda, nyuma ya mtungi, mpaka kwenye banda la kuku. Ana kandambili za kuogea tu, na kwa kandambili hawezi kuingia karakana, cheche zitamla vidole.

Mama mkwe anasema wezi. Wezi gani wanaacha simu wanachukua viatu?

Eliane amekaa jikoni juu ya sufuria kubwa ya ugali. Nimeikuta imefunikwa mdomo chini, naye yuko juu yake tangu nilipowasha moto, miguu ameibana pamoja. Uji amenywea hapo hapo. Nimemwambia ainuke nipike. Hataki.

Nikamwuliza, "Eliane, hukuona viatu vya mugeni?"

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Mugeni gani?"

Nimekuja huku nyuma kuandika hili haraka. Laurent ananiita, "Bene! Bene, kuya uone, mutoto anakatala kusimama, anasema nikae kwanza na miye nile uji —" Naenda. Sijui nimwambie kilichoko chini ya sufuria au ninyamaze mpaka saa nne ipite. Nitamwambia labda ni mbwa wa jirani ndiye amevichukua.