Chaki Nyekundu kwenye Meza Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Siku sita zimebaki. Sebule imekuwa ghala. Nimefunga maboksi kumi na tisa. Kumi na moja ni vitabu. Mume wangu anayaita "mawe yako". Miaka thelathini ya upimaji ardhi alipigilia vigingi kwenye viwanja vya watu. Tangu astaafu hana pa kupigilia, basi anazunguka nyumba na chaki. Alama nyeupe hapa, nyekundu pale. Nimemuuliza maana yake. "Ni mpangilio tu." Tu! Wakubwa wote niliowahi kugombana nao gazetini walianza na mpangilio tu.

Tunahamia nyumba ya marehemu mama yake. Mwendo wa saa kumi kwa lori, na lami inaishia njiani. Nilibishana miezi mitatu, nikakubali. Nilishindwa kwa hoja — naandika hapa nisije nikasema vingine baadaye.

Jumanne, 4 Juni

Anapokea simu kwenye ngazi. Nikitokea, anaanza habari za mvua. Mvua haijanyesha wiki tatu.

Nimekagua. Meza yangu ya kuandikia: nyekundu. Kiti changu, taa yangu, mawe yangu yote: nyekundu. Makochi, kabati, vyombo, vifaa vyake vya kupimia, kitanda chetu: nyeupe. Sijawahi kuona mpaka uliochorwa vizuri hivi. Halafu kile kitanda kidogo alichokiacha binti yetu, cha mtu mmoja. Nyekundu.

Jumatano, 5 Juni

Makala yangu imetoka. Mhariri amekata aya mbili. Sijampigia. Siwezi kupigana pande mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Amekuja msimamizi wa wapakiaji kuukagua mzigo. Wenzake wanamwita Kamba. Mtu wa taratibu, anapima kabati kwa mikono kama fundi cherehani. Kanifundisha kanuni yao: cha kushuka kwanza hupanda mwisho. Nyekundu ndizo zinazopanda mwisho.

Kumbe! Mzee anataka meza yangu ishuke kabla ya sufuria. Nikaona haya. Nikawa tayari hata kumwomba radhi, kimoyomoyo.

Kisha Kamba akauliza, bila hila yoyote: "Na pale tunaposhusha kwanza, mama, pana ngazi? Maana vitabu na ngazi haviivi."

"Pale wapi?"

Akaangalia viatu vyake. "Muulize mzee."

Kuna pa kwanza. Basi kuna pa pili. Vyangu vinashuka pa kwanza, vyake vinaendelea.

Nimempigia binti yetu. "Mama, usianze. Baba ataeleza mwenyewe." Kwa hiyo unajua, nikamwambia. "Najua kwamba wewe ukifichwa kitu siku mbili unakiandikia makala." Akakata.

Ijumaa, 7 Juni

Sijamuuliza. Mimi niliyewabana mawaziri mbele ya halaiki. Swali ninalo, limekaa ulimini tangu jana. Ninachoogopa ni ndiyo yake. Huyu hasemi uongo, ndiyo kasoro yake kubwa. Hunyamaza.

Jioni kala chakula chote, kasema kuna joto. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na mtu ananiambia kuna joto.

Jumamosi, 8 Juni

Ameenda kunyoa. Nimechukua kitambaa chenye maji na vipande vyake viwili vya chaki. Nimefuta vyote, nimeandika upya. Mawe yangu sasa meupe. Meza nyeupe, kitanda kidogo cheupe. Makochi, kabati, kitanda kikubwa, vifaa vyake: vyekundu. Kama kuna wa kushushwa njiani, ashuke yeye.

Nimenawa mara mbili. Wekundu umebaki chini ya kucha.

Jumapili, 9 Juni. Kiti cha mbele, ndani ya lori

Asubuhi, mume wangu akiwa kwa mwenye nyumba kukabidhi funguo, Kamba alitazama alama, akakuna kichwa. "Mzee amebadili?" Nikasema amebadili. Wakapakia.

Saa nane za safari. Tumesimama mji mdogo, lami inapoishia. Nyumba ya ghorofa, chini ni duka la madaftari. Mume wangu kashuka, katoa ufunguo mfukoni mwa shati.

"Chumba cha juu ni chako. Umeme upo, mtandao upo. Kule kwa mama hakuna hata kimoja. Ni mwendo wa saa mbili tu. Ningekuambia mapema ungekikataa kabla ya kukiona."

"Na kitanda?"

"Siku ukichelewa kumaliza makala."

"Siku ngapi kwa wiki?"

Akanyamaza. Kidogo tu, lakini nimeishi kwa kusoma ukimya wa watu. "Utakazotaka wewe."

Hapo Kamba akafungua mlango wa nyuma. Makochi, kabati, kitanda kikubwa. Meza yangu iko mwisho kabisa, nyuma ya mgongo wangu hapa nilipokaa. Mchimba kisima — basi, nalijua linalofuata.

Mume wangu kaisugua alama kwa kidole gumba. "Huu si mkono wangu." Hakufoka. "Ulidhani nakutupa njiani?"

"Ulificha."

"Nilificha chumba."

"Cha mtu mmoja."

Akajifuta chaki kwenye suruali.

Kuifikia meza yangu, nyumba nzima lazima imwagwe barabarani, kisha ipandishwe tena. Au twende, vyangu vyote vifike kwa mama yake, chumba kibaki kitupu. Kamba anasema mawingu yale si ya mzaha, tuamue. Mume wangu kasema aulizwe mama, yaani mimi.

Nimeomba dakika kumi. Ufunguo ameuweka juu ya dashibodi, karibu na daftari hili. Sijaugusa. Kamba amegonga mlango mara ya pili.

Kwenye kioo cha pembeni namwona mume wangu. Ameanza kushusha peke yake, ameshika ubao wa kichwani wa kitanda chetu. Hajauweka chini. Hajaurudisha.