Cosmas Simiyu na Jalada la Kaneza

Ni mwaka sasa, Cosmas, tangu moyo wako usimame ghafla ukiwa kazini Arlington, Oktoba 2007. Nyumba yetu ya hapa mjini Laurel bado haijauzoea ukimya huu.

Mchana ulikuwa karani. Jioni ulikuwa wetu, na wa *Jirani*, jarida la bure la jumuiya yetu, ambalo ulilibunia majalada kwa kujitolea. Ulibandika nakala kwenye friji, ukarudi kinyumenyume hadi mlangoni uone kama herufi zinasomeka kwa mbali. Lorraine akikucheka: "Dad, iko empty sana!" Nawe, kwa upole: "Si tupu, mama. Nimeiacha ipumue."

Kisha likaja jalada la Kaneza, mama wa Burundi aliyefiwa na mumewe katika moto ulioteketeza nyumba yao Fairfax. Solomon, mhariri, alitaka herufi nene nyekundu zikatize paji la uso wake: MJANE MKIMBIZI ALIA.

"Hapo ni usoni pa mtu, Solomon," ulimwambia.

"Jarida lisiposhtua haliokotwi."

Hukukubali. Ukaiacha picha itawale, jina la jarida likapita nyuma ya kilemba chake, na chini, kwa herufi nyembamba nyeupe, ukaandika: Kaneza Nahimana. Basi. Solomon alilipeleka kwa mpiga chapa shingo upande.

Nakala zikabaki zimerundikana makanisani na madukani. Watangazaji wakajitoa, jarida likafa. Solomon hakukulaumu kwa maneno. Aliacha tu kupiga simu. Kompyuta ukaifunika shuka. "Pengine alisema kweli," ulimwambia Nkatha mkeo, na hukulizungumzia tena. Miezi michache baadaye ukaondoka.

Kwenye matanga Kaneza alikuja. Alikaa kando ya Nkatha kitambo, mkono wake juu ya wa Nkatha, kisha akasema: "Tangu tufike hapa, kila karatasi inaniita mkimbizi. Sasa zinaniita mjane. Mume wako aliandika jina langu. Nilituma lile gazeti kwa mama yangu Bujumbura, akalitundika ukutani."

Hukuyasikia hayo. Ndilo linalotuuma hata leo, kwamba ulilala ukidhani umekosea.

Unakumbukwa na mkeo Nkatha, binti yako Lorraine, nduguyo Boniface na jamaa wote wa Bungoma, na Kaneza, aliyeomba jina lake liwekwe hapa pamoja na yetu.

Hatutakusahau, Cosmas, maadamu tuko hai.