Mstari Uliozidi Alasiri

Jumatatu, 5 Mei
Mshonaji alikuja asubuhi. Mumewe, yule aliyekuwa akimpiga hata akamkimbia, alibisha jana mlango wa chumba chake kipya. Majirani wakamfukuza. Mshonaji hakulia. Alisema tu: "Sheikh, mahali pale nilikutajia wewe peke yako."

Ni kweli. Mimi ni msuluhishi wa ndoa yao. Anwani niliiandika katika kompyuta, kwenye faili la mashauri. Sikumwambia mtu. Nilitafuta hofu moyoni, sikuipata. Tangu nimzike mama watoto, miezi mitano sasa, moyo umekufa ganzi kama mguu — naukanyagia, sihisi sakafu.

Jumanne, 6 Mei
Fundi wa kompyuta amekuja. Alifungua dirisha jeusi, akanifundisha kuandika neno moja, netstat. Hutoa orodha ya kila mahali kompyuta inapozungumza napo kwa wakati huo. Mistari kumi na minane. Akasema inaongea na watu wengi kuliko mama mkwe wake. Akaipitia: barua pepe, masasisho, mambo ya kawaida. Safi, akasema. Huenda Mzee ulimtajia mtu, ukasahau.

Huenda.

Jumatano, 7 Mei
Chuoni tulinakili vitabu kwa mkono. Kisha mwenzako husoma asili, nawe hufuata nakala kwa kidole. Sijui njia nyingine ya kuhakikisha jambo. Leo nimenakili orodha baada ya alfajiri, adhuhuri na alasiri. Hakuna kigeni.

Mwanangu aliporudi kutoka kazini aliuliza naandika nini. Nikamwambia, nanakili. Akasema, Baba, kuna printa.

Alhamisi, 8 Mei
Mshonaji amehama tena. Hataniambia ni wapi mpaka nijue siri ilivujia wapi. Simlaumu.

Alasiri nilifungua faili la mashauri, kisha nikanakili. Mistari kumi na tisa! Nilisoma asili na nakala mara tatu. Mstari mmoja haukuwapo adhuhuri. Nikampigia fundi, nikamsomea tarakimu moja moja. Akasema namba hiyo ni ya chombo cha humu humu nyumbani, na kwamba kuna mtu anatazama kioo cha kompyuta yangu.

Vyombo vinavyotumia intaneti yetu, ukiacha kompyuta hii, ni viwili: simu yangu, na kompyuta ya mwanangu, ambaye leo amerudi mapema. Nilizima simu. Mstari ukabaki.

Nilikwenda nikanywa maji.

Ijumaa, 9 Mei
Nilimwita mwanangu baada ya swala. Hakukana. Programu hiyo aliiweka mwaka jana nilipopasuliwa jicho, ili anikuzie maandishi akiwa chumbani kwake. Ni mimi niliyemwomba. Nilisahau kwamba ipo.

Anafanya kazi ghala moja na mume wa mshonaji. "Baba, mtu mzima alikuwa analia mbele ya sahani yake. Anataka kuwaona wanawe tu." Nikamuuliza jana alikuwa akitafuta nini tena. Aliinama. Akasema, anwani mpya. Yule mtu amemwomba mara ya pili.

Nimefundisha habari za amana miaka thelathini. Yeye alikaa safu ya mbele, akihifadhi upesi kuliko wote. Nilidhani nitatetemeka. Nilitazama mikono yangu; imetulia, kama ya mtu mwingine.

Mshonaji amepiga simu sasa hivi. Kwa adabu yake ile ile ameuliza kama nimempata mtu huyo. Ndugu yake yuko tayari kwenda polisi, anasubiri jina tu. Mwanangu amesimama mbele yangu, ameshika kiti cha mama yake, anasikia kila neno.

Nimemwambia mshonaji asubiri kidogo. Nimezoea kuandika kabla ya kusema. Simu iko hapa kando ya daftari, haijakatwa. Nasikia cherehani yake ikizunguka. Anashona huku akisubiri. Mwanangu anasema polepole, "Baba."