Njoo Jumanne, Si Jumatatu

Sista Benta wa Kiuu, niaje?

Huku jela niko poa, usianze kulia. Mimi ndiye bingwa wa drafti, na mwambie huyo bwanako wa boda boda bado ana sura ya kiazi. Barua hii amekuletea Njau, aliyefunguliwa leo, kwa sababu barua za kawaida maafande huzisoma kwanza.

Sasa ile kesi. Wakili anasema tumeshtaki serikali, kwa hivyo serikali ndiyo italipia huu mkono afande alionivunja. Nikamuuliza, "Na afande mwenyewe?" Akasema huyo bado yuko kazini. Kisha wakili akaenda kwake Ngoingwa, mimi nikarudi selo, na aliyenifungia mlango ni afande yuleyule. Akaniambia, "Kijana, si uliteleza bafuni?" Nikacheka. Unaujua mdomo wangu.

Jumatatu nitamtaja kortini, majina yake yote. Siku hiyo usije, kortini watu ni wengi. Njoo Jumanne, hapa getini. Wakisema nimehamishwa, usiondoke. Wakisema nimekataa wageni, ni uongo, mimi nikatae chapati zako? Kaa hapo mpaka unione kwa macho.

Ndugu yako mtanashati,
Jeconia