Vigelegele vya Mgeni

Kanyenye, Tabora
12 Agosti 1974

Dada Maua,

Shikamoo. Dagaa uliotuma wamefika. Paka wa jirani kala nusu.

Mwenyekiti wa tawi letu la chama, yule fundi cherehani asiyejua kupima hata kiuno chake mwenyewe, amenikalisha chini mara tatu. Kila nikisimama kudai kliniki itupe dawa za uzazi wa majira bila barua ya mume, anadakia, "Akina mama, wimbo!" Tunaimba, hoja yangu inakufa, wanaume wanapiga makofi. Mume wangu Abasi anawashinda wote kwa makofi.

Basi Jumamosi alikuja mgeni kutoka wilayani. Nilikuwa nimewapitia wanawake nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti akapaza sauti, "Akina mama, vigelegele!"

Kimya. Akarudia. Hata mkewe alikuwa anatazama kucha zake.

Mgeni akauliza, "Kwani hapa kuna msiba?"

Nikasimama. "Upo, ndugu. Jirani yetu Flavia tumemzika juzi na mimba yake ya tisa. Muuguzi alimwonya, lakini dawa hakupewa, maana mumewe hakuandika barua."

Safari hii hakuna aliyeomba wimbo. Hoja imeandikwa, inakwenda wilayani, kwa wale kobe waliovaa suti.

Mama usimwambie hili: muuguzi amenionya na mimi, na Abasi anajua. Nimehamia chumba cha watoto. Siku akitaka nirudi, kalamu nimemwekea juu ya mto wangu.

Mdogo wako,
Zamda